Hiyo 1765 Si Umri wa Chupa

Watu sita wamenitumia picha moja wiki hii. Chupa ya Hennessy imesimamishwa juu ya meza ya plastiki, nyuma yake ukuta wa mawe ya matumbawe, na maandishi: "Hennessy ya mwaka 1765, haijafunguliwa, iko Malindi, elfu themanini na tano, bei yaongeleka." Wote sita wanauliza swali moja: hii ni ya ukweli?

Nijibu hapa mara moja nisirudie. Chupa ni ya ukweli. Mwaka ndio uongo. 1765 ni mwaka ambao Richard Hennessy alianzisha kampuni yake kule Cognac, Ufaransa. Umeandikwa kwenye chupa zao hata zile zilizotoka kiwandani juzi. Martell nao huandika 1715. Rémy Martin huandika 1724. Ni sawa na mkahawa wenye kibao "Tangu 1952" juu ya mlango. Hakuna mtu anayeingia humo akaogopa kwamba mahamri ni ya 1952. Tena yule dalali mwenyewe ameweka picha ya pili, ya mgongo wa chupa, na pale chini kuna mistari ya kuskani dukani. Mistari hiyo ilianza kutumika kwenye maduka ya Marekani mwaka 1974. Mwaka 1765 Ufaransa ilikuwa na mfalme, haikuwa na kaunta ya kuskani.

Mkitaka kucheka chekeni. Mimi sikucheka, manake najua upande wa pili wa hii biashara.

Mjomba wangu aliangalia nyumba ya mzee mmoja Mtaliano pale Casuarina kwa miaka mingi. Alikata majani, akasafisha dimbwi, akalala getini. Mzee alipokufa, watoto wake wakaja, wakauza nyumba, wakamwambia mjomba: vilivyomo stoo chukua, sisi hatuvitaki. Katika stoo kulikuwa na viti vilivyooza, nyavu, na kreti la chupa 11 za brandi ambazo hakuna aliyezigusa. Mjomba hanywi. Alimwita dalali. Dalali akazipanga chini, akazitazama sekunde chache, akasema: "Hizi zimeharibika mzee, zimepoteza rangi, lakini nitakusaidia, shilingi 250 kila moja." Mjomba akapokea 2,750 na akashukuru. Kushukuru, ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Mimi nilikuwa nimepiga picha tatu za zile chupa, kwa sababu tu zilikuwa nzuri. Sikujua lolote. Baadaye nikaanza kusoma, nikarudi kwenye zile picha. Chupa mbili zilikuwa na kifuniko cha chuma chenye springi, kile kinachofyatuka na kufungika, na juu yake ukanda wa karatasi ya ushuru ulioandikwa Kitaliano. Vifuniko vya namna hiyo vilikuwa vya kawaida kwenye pombe kali zilizouzwa Italia miaka ya 1950 na mapema ya 1960. Mistari ya kuskani hakuna. Hizo si chupa "zilizoharibika". Hizo ndizo chupa ambazo wakusanyaji wa Milano na London wanazitafuta usiku na mchana. Hata kwa bei ya chini kabisa ya mnada wa Ulaya, moja peke yake ingezidi malipo ya zote 11.

Sasa weka hadithi hizi mbili pamoja. Chupa ya juzi inauzwa kama ya 1765 kwa elfu themanini na tano. Chupa ya zaidi ya miaka 60 inanunuliwa kwa 250 kama takataka. Pwani ni hii hii, na huenda dalali ni yule yule. Tofauti ya bei hizo haiko ndani ya pombe. Iko kwa nani anajua kusoma chupa na nani hajui. Kwa hivyo neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mchoke: usinunue wala usiuze chupa usiyoweza kuisoma.

Kwani kwa nini Malindi, mtauliza. Ni kwa sababu chupa ziko hapa. Hoteli ya Lawford's ilifunguliwa kwenye ufuo wetu miaka ya 1930, ikihudumia walowezi waliokuja kuoga baharini. Miaka ya 1960 wakaja Wataliano wa mradi wa anga wa San Marco pale Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Baada yao wakaja wenye mahoteli, wenye nyumba, wastaafu. Watu hawa walikuja na masanduku yao, na ndani ya masanduku kulikuwa na chupa. Wengine walikunywa, wengine waliweka kabatini wakasahau. Leo kizazi kile kinaondoka. Nyumba zinauzwa, kuanzia Silversand mpaka Watamu mpaka Bofa kule Kilifi, na anayeachiwa funguo za stoo si mkusanyaji wa Milano. Ni mjomba wako. Ni mama anayefua. Ni kijana wa shamba. Hao ndio wa kwanza kushika chupa, na hao ndio wa mwisho kujua ni nini.

Basi tusome. Sihitaji digrii, na wewe huhitaji.

Kwanza, dharau miaka iliyoandikwa mbele. Mwaka mkubwa wa mapambo karibu kila mara ni wa kampuni. Jina "Napoléon" pia lisikutishe. Napoleon alikufa 1821, lakini hilo ni jina la daraja tu, maana yake pombe changa kabisa iliyomo imekaa kwenye pipa miaka 6 au zaidi. VS ni miaka 2, VSOP ni miaka 4, XO ilikuwa miaka 6 ikapandishwa kuwa 10 kuanzia mwaka 2018. Yote hayo yanahesabu muda wa pipa, si muda wa chupa.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Sisi tumezoea mnazi. Mnazi uko hai: asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, kesho kutwa unatia kwenye achari kama siki. Kwa hivyo tunadhani kila kinywaji kinaendelea kukua popote kilipo. Konyaki haiko hivyo. Ikishatoka kwenye pipa ikaingia kwenye kioo, imesimama. Konyaki ya miaka 4 iliyotiwa chupani mwaka 1960 bado ni konyaki ya miaka 4. Kilichozeeka ni chupa. Mkusanyaji analipa kwa sababu ya jinsi ilivyotengenezwa zamani zile, na kwa sababu zimebaki chache. Mtu akikwambia "imekaa kabatini miaka thelathini, sasa imekuwa XO", jua kwamba ama hajui ama anakuona wewe ndiwe hujui.

Pili, tafuta ujazo. Chupa iliyoandikwa 70 cl mara nyingi ni ya miaka ya 1990 kuja huku, kwa soko la Ulaya. Kabla ya hapo 75 cl ilikuwa ya kawaida kwenye masoko mengi, na kuna chupa za zamani zilizoandikwa 73 cl. Ukikuta aunsi na neno "proof" kwenye chupa ya soko la Uingereza, iko kabla ya 1980, manake mwaka huo Waingereza walihamia kwenye asilimia. Nambari ndogo ya pembeni inasema kweli kuliko nambari kubwa ya dhahabu katikati.

Tatu, tazama shingo. Kuna springi? Kuna kizibo cha gome chenye lakiri? Kuna kifuniko cha kuzungusha? Kuna ukanda wa ushuru, na wa nchi gani? Hapa kwetu stempu za KRA za mfumo mpya, zile unazoskani kwa simu, zilianza mwaka 2013. Chupa iliyobandikwa stempu hiyo halafu inaitwa "ya enzi za mkoloni" inakuchekea usoni.

Nne, geuza kitako na pitisha kidole kwenye mshono. Kioo kilichotengenezwa kwa mashine, mshono wake hupanda mpaka mdomoni kabisa. Mashine za kutengeneza chupa zenyewe zilianza kuenea baada ya 1903. Kama mshono unakatika shingoni na mdomo umetiwa kwa mkono, na kioo kina mapovu na kimepinda kidogo, basi polepole, weka chini hiyo chupa, umeshika kitu kingine kabisa.

Tano, tazama kiwango. Isimamishe kwenye mwanga uone pombe imeshuka kiasi gani kutoka kwenye kizibo. Joto la Malindi na chumvi ya bahari haviihurumii gome la kizibo. Na chupa ya pombe kali husimamishwa, hailazwi kama divai, kwa sababu pombe hula kizibo. Chupa ya zamani iliyojaa mpaka shingoni kama ya leo, kwenye stoo ya makuti, baada ya miaka 60? Hapo uliza mara mbili.

Dakika tano. Macho, kidole na simu yenye tochi.

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya wazungu, kupima chupa kuukuu. Hebu niwakumbushe mnakaa wapi. Pale Gede, mnakopeleka wageni kupiga picha na kima, kuna kaburi linaitwa Kaburi la Tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 Miladia. James Kirkman alipoanza kuchimba Gede mwaka 1948, kaburi hilo lilikuwa nguzo yake: kile kilichokuwa kwenye udongo wa chini yake ni cha kabla, kilichokuwa juu ni cha baadaye. Vipande vya bakuli za Kichina vikapangwa, na kutoka kwenye bakuli hizo umri wa nyumba na misikiti ukajulikana. Mji mzima ulisomwa kwa vyombo vilivyovunjika. Mwaka 2024 UNESCO ikauweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nenda Mambrui, kuna nguzo ya kaburi iliyopachikwa bakuli za Kichina. Nenda Fort Jesus, Mombasa, kuna vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno Santo Antonio de Tanna, iliyozama mwaka 1697 mbele ya ngome. Kila mara swali ni lile lile: hiki chombo kilitengenezwa lini, kilifikaje hapa? Pwani hii yote historia yake imeandikwa kwenye vyombo vya wageni vilivyobaki baada ya wageni kwenda. Kwa hivyo usiniambie kusoma chombo ni mambo ya wazungu. Sisi ndio tuliopachika bakuli kwenye makaburi yetu. Tumesahau tu kuzisoma, tukawaachia wengine.

Na tukisahau kusoma, tunajua huwa inakuwaje. Vigango. Mzee wa Gohu akifa, Wagiriama humchongea kigango kisimame kwenye boma lake. Miaka ya 1970 na 1980 vikaanza kung'olewa usiku na kuuzwa kwa wenye maduka ya sanaa. Vijana wetu ndio walioving'oa. Walilipwa pesa ya kula, vikaishia kwenye sebule na makumbusho ya Marekani. Jumba la makumbusho la Denver peke yake lilikuwa na 30, na likaamua kuvirudisha. Viwili vilirudi Kilifi mwaka 2007 kutoka Marekani. Miaka na miaka ya barua na safari kurudisha kitu kilichouzwa kwa pesa ya siku moja.

Msinielewe vibaya. Silinganishi kigango na chupa ya pombe. Kigango ni mzee wa watu, chupa ni chupa. Ninalolinganisha ni ule mkono uliopokea. Ulikuwa mkono wa mtu asiyejua anachouza, mbele ya mtu anayejua anachonunua. Mkono huo huo ndio uliopokea 2,750 ya mjomba.

Sasa upande mchungu zaidi, na hapa ndipo nitakapogombana na marafiki zangu.

Mmewaona wale wanaonunua chupa tupu. Si wale wa skrapu wanaonunua kwa kilo, hao wacha wale rizki yao. Nasema wale wanaochagua. Hawataki chupa ya bia, hawataki chupa ya sosi. Wanataka Hennessy, Martell, Rémy, wanataka lebo iwe safi, kifuniko kiwepo, na boksi kama lipo wanaongeza pesa. Kwenye klabu usiku mhudumu anaambiwa asiitupe. Jiulize: mtu anayelipa zaidi kwa kifuniko anataka kufunika nini?

Kuna jibu ambalo Wamarekani walilipata zamani. Kuanzia 1935 mpaka 1964, chupa za pombe kali kule kwao ziliandikwa kwenye kioo chenyewe kwamba sheria ya nchi inakataza kuuza au kutumia tena chupa hiyo. Waliandika kwenye kioo kwa sababu walikuwa wametoka kwenye miaka ya pombe kupigwa marufuku, na walijua chupa tupu yenye jina kubwa ni kinyago: unatia chochote ndani, watu wanaamini uso. (Na leo maandishi hayo yamekuwa njia nyingine ya kujua umri wa chupa. Ukiyakuta, umeshapata miaka 30 ya kuchagua.)

Hapa kwetu tunajua pombe ya uongo inafanya nini. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe iliyotiwa methano. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Waliosalia, wengine walipoteza macho, kwa sababu methano ikiingia mwilini inaua mishipa ya kuona. Sisemi pombe hizo zilitoka kwenye chupa za Hennessy. Nasema yule anayejaza chupa yenye jina hana sababu ya kuwa na huruma kuliko wale.

Kwa hivyo mtu anayeuza chupa "ya zamani" kwa uongo na mtu anayejaza chupa tupu wanakula sahani moja. Wote wawili wanategemea kwamba wewe utasoma jina na mwaka wa dhahabu, basi. Hutageuza kitako, hutatazama shingo, hutaskani stempu. KRA wana programu ya simu inaitwa Soma Label. Jina lenyewe limekwambia ufanye nini. Soma.

Na kama wewe ndiwe unayebaki na chupa tupu nyumbani, hotelini au klabu, chana lebo. Piga kifuniko nyundo. Vunja kioo kama ni lazima, utie kwenye mfuko mgumu asikatwe mtoto wa watu. Shilingi 50 ya chupa tupu haitoshi kununua jeneza.

Nimeshasikia majibu yenu, nimeyasikia hata kabla sijaandika.

Wa kwanza: "Pombe ni haramu, unatufundisha nini?" Naheshimu, na nyumbani kwetu pia haiingii. Lakini huyu mama anayefua nyumba ya Mzungu hajaletewa pombe anywe. Ameachiwa sanduku, na kuna mtu anakuja kumdanganya. Kumwambia ukweli wa kile kioo si kumfundisha kunywa. Kama dini yako inakwambia usiuze kabisa, usiuze, na hapo pia utakuwa umemnyima tapeli mzigo.

Wa pili ni mzito zaidi: "Njaa haisomi lebo. Mjomba wako alihitaji 2,750 siku ile." Kweli. Siwezi kumlaumu, na sitamlaumu. Lakini nani aliweka ile bei? Si njaa. Njaa ilimfanya auze, kutojua ndiko kulimfanya auze kwa 250. Angekuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia "mjomba, ngoja kesho, nipige picha kwanza," njaa ingekuwa ile ile na bei ingekuwa nyingine. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Nilikuwa na simu mkononi, nilizipiga picha kwa ajili ya urembo, sikuuliza swali hata moja.

Wa tatu ni madalali wenyewe: "Unatuharibia kazi." Kazi gani? Dalali wa kweli anajua mali na anamwambia muuzaji thamani yake, kisha anachukua asilimia yake mchana kweupe. Wapo wa hivyo Malindi, nawajua, na hawana shida na mimi. Wewe unayesema "imeharibika" huku moyo unadunda kwa furaha, hiyo si kazi.

Na sheria nayo muijue, isije ikawashika wenye makosa madogo na kuwaacha wenye makubwa. Kuuza kileo bila leseni ni kosa chini ya sheria ya vileo ya 2010, hata kama ni chupa moja ya stoo. Kwa hivyo usiisimamishe barabarani wala kwenye status yako na bei juu. Piga picha, jua ni nini, kisha tafuta mwenye leseni au nyumba ya mnada inayotambulika, na mkubaliane kwa maandishi. Na kuna sheria nyingine ambayo wengi hawaijui, ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006: kitu chochote cha kubebeka kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, ukiondoa vitabu na karatasi, kinahesabiwa kuwa kitu cha kale. Hakitoki nchini bila kibali. Kwa hivyo ile chupa yenye mapovu na mdomo wa mkono uliyoichimbua ukichimba choo Takaungu au ukiotesha minazi Ngomeni, usimpe mtalii kwa soda. Wapelekee watu wa makumbusho waitazame. Unaweza usipate pesa yoyote, ni kweli. Utakuwa hukuuza usichokijua.

Mkitaka kujua konyaki ya zamani inaweza kufika wapi, mwezi wa Mei 2020 chupa ya Gautier ya mwaka 1762 iliuzwa London na Sotheby's kwa pauni 118,580. Mwaka huo ulikuwa wa kweli, si wa kampuni, na chupa ile ilikuja na hadithi yake iliyohifadhiwa. Sisemi kuna kama hiyo kwenye stoo ya Watamu. Nasema hata ile ndogo, ya 1955, ya nyota tatu, ina hadithi ambayo ni nusu ya bei yake: ilikuwa ya nani, ilikuja Malindi lini, ilikaa kwenye kabati gani. Na hadithi hiyo anaijua nani? Dalali haijui, mnunuzi wa Milano haijui. Anayeijua ni mjomba aliyelala getini miaka yote ile. Alikuwa na kitu cha kuuza zaidi ya chupa, na hakuna aliyemwambia.

Hii ndiyo sababu sikucheka na ile picha ya 1765. Anayeiposti anajua kwamba hatusomi, na mpaka sasa yuko sahihi.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujalala, mpigie yule ndugu yako anayeangalia nyumba ya mtu. Muulize tu: stoo kuna nini? Mwambie asiuze chupa yoyote kabla ya kupiga picha nne: mbele, mgongo, shingo na kitako. Mimi nitazitazama bure. Jina la mwenye nyumba usiniandikie, silitaki.

Na wewe wa elfu themanini na tano, mistari ya kuskani inaonekana. Toa ile picha ya pili, angalau.